Waifai ya ofisi imekuwa ya mtaa mzima, na bosi anasema jirani hanyimwi

Shikamoo Mama Mshauri,

Naomba usitaje jina langu, na hata habari za ofisi nimezificha kidogo maana Tanga hii ukikohoa Raskazone unapewa pole Makorora.

Mimi ni binti wa miaka 27, nafanya kazi kwenye kampuni ndogo ya kliaringi hapa mjini, tunatoa mizigo ya wateja bandarini. Tupo sita na bosi. Kwenye barua ya ajira nimeandikwa mhasibu msaidizi ila si unajua ofisi ndogo, mi ndo mapokezi, mi ndo napokea simu, mi ndo natuma invoisi, printa ikikwama naitwa mimi. Bosi wote tunamwita Mzee. Alikuwa rafiki wa marehemu baba na ndiye aliyenilipia ada ya chuo mwaka wa mwisho, kwa hiyo mimi kubishana na Mzee sio kubishana na bosi, ni kubishana na baba yangu mdogo.

Sasa shida yangu ni waifai, najua utaona ni kitu kidogo ila naomba unisome mpaka mwisho.

Ofisi yetu iko ghorofa ya kwanza, chini kuna saluni ya kiume, kuna mama ntilie na kuna kijiwe cha bodaboda. Mzee alipovuta intaneti ya faiba aliyesimamia kila kitu ni mpwa wake, ndo akaja na fundi, ruta ikawekwa juu ya kabati la mafaili (mpaka leo ipo pale na vumbi lake), paswedi ikaandikwa kwa maka pen kwenye karatasi, karatasi ikapigwa lamineshi ikabandikwa mapokezi. Paswedi yenyewe ni jina la kampuni na mwaka. Kila mteja akikaa kwenye kiti anaisoma, wengine wanaipiga picha.

Mchana mtandao unakuwa mzito hatari. Gari la mteja lipo getini bandarini, mi nahangaika na mfumo wa forodha, ukurasa unazunguka tu, mteja ananipigia kila dakika kwa sababu mzigo ukilala analipia. Siku moja nikachoka nikaweka kwenye simu ile programu inayoonyesha vifaa vyote vilivyoungwa kwenye waifai. Vikatokea 34. Sisi tuko sita, hata tungekuwa na simu mbili mbili na laptopu juu hatufiki huko. Tena kuna TV. Mama, sisi ofisini hatuna TV.

Halafu nikaenda mbali kidogo, nikashuka mpaka kwenye ngazi za chini nikajaribu kwa simu yangu kufungua ile folda tuliyoisheya kwenye kompyuta ya uhasibu ili Mzee awe anaangalia mahesabu. Ikafunguka bila kuulizwa kitu. Humo kuna mishahara yetu, kuna kopi za vitambulisho vya NIDA vya wateja, TIN zao, invoisi zote, hati za mizigo.

Na kilichonifanya nikose usingizi ni hiki. Mwezi uliopita mteja wetu mmoja wa Korogwe alinipigia akaniuliza, dada mbona mmebadilisha benki? Nikamwambia hatujabadilisha. Kumbe ametumiwa invoisi kwa imeli, logo yetu, mzigo ni wake kweli, kiasi ni chenyewe, ila namba ya akaunti siyo na jina la akaunti ni la mtu binafsi. Alikuwa bado hajalipa, alhamdulillah, alipiga kwanza.

Nikaenda kwa Mzee nikamwambia hii waifai tuifunge, tubadilishe paswedi, kila mtu atumie bando lake. Akacheka. Akaniambia mwanangu waifai ni kama maji ya kisima, jirani hanyimwi, mimi nalipia mwezi mzima nitumie nisitumie, na wale watoto wanaokaa ngazini jioni wanapakua mitihani ya nyuma wakifaulu na mimi napata thawabu. Ni kweli watoto wapo, mmoja ni wa huyo mama ntilie, yupo fomu foo, mtoto ana adabu na anasoma haswa. Sikuwa na la kujibu.

Ila Mzee hajui kwamba mpwa wake anawatoza watu. Pale saluni na kijiweni wanampa buku kwa wiki, kinyozi mwenyewe ndo aliniambia akidhani najua. Kwa hiyo thawabu ya Mzee kuna mtu anaikusanyia hela. Na mimi moyo wangu unaniambia ni yeye huyo huyo aliyevujisha invoisi, maana ndiye anayeijua mitambo. Ameshahisi kwamba nafuatilia, sasa hivi anawaambia wenzangu eti najifanya mtaalamu, eti namtafutia Mzee ubaya na udugu wao.

Nina njia tatu kichwani. Ya kwanza, ruta bado ina ile paswedi ya kiwandani, admin na admin, nimeshaiona, kwa hiyo naweza kubaki jioni moja nibadilishe kila kitu nisimwambie mtu. Ya pili nimwambie Mzee ukweli wote kuhusu mpwa wake, liwalo na liwe. Ya tatu ninyamaze nitafute kazi Dar niondoke zangu. Nishauri kama mwanao.

Binti wa ghorofa ya kwanza, Tanga

MAMA MSHAURI ANAJIBU

Marahaba mwanangu, na pole sana. Hiyo TV imenichekesha peke yangu jikoni, ila nilipofika kwa mteja wa Korogwe nikaweka chai chini.

Nikikuelewa vizuri unauliza habari ya waifai, lakini umebeba mambo zaidi ya hayo. Kuna mtu aliyekusomesha unaogopa kumuudhi, kuna kijana wa ukoo wake ambaye saivi hamuivi, na kuna hofu nyingine hukuitaja ila mimi naiona, kwamba siku hela ya mteja ikipotea kweli wa kwanza kuulizwa utakuwa wewe, kwa sababu invoisi zinatoka kwenye kompyuta yako na jina lako lipo chini. Hofu hiyo ina haki yake wala usijione mbea au mchokozi kwa kuwa nayo.

Ila naomba nikuulize kidogo kuhusu hiyo invoisi maana hapo naona umekwenda haraka. Paswedi ipo ukutani, folda ipo wazi, mpwa anauza mtandao, basi ukafunga hesabu kwamba ni yeye. Inawezekana ni yeye, sikatai. Lakini utapeli wa aina hii, mtu kutumiwa invoisi sahihi kabisa yenye akaunti ya benki nyingine, mara nyingi sana unapita kwenye imeli wala haihitaji tapeli akanyage Tanga. Mtu mmoja ofisini anatumiwa linki, anabonyeza, unatokea ukurasa unaofanana na wa imeli yenu, anaandika paswedi, basi mtu ameshaingia. Na akiingia hafanyi fujo, anakaa kimya anasoma barua zenu wiki nzima hata mwezi mpaka aone invoisi nene, ndo anaichukua anabadilisha namba ya akaunti anamtumia mteja. Wengine wanaacha na mtego kabisa kwenye setingi, kila imeli yenye neno invoice au payment inajifowadi yenyewe kwenda kwao, kwa hiyo hata mkibadilisha paswedi wanaendelea kupokea kopi.

Kwa hiyo kabla hujamtaja mtoto wa watu, fungua setingi za imeli ya ofisi uangalie sehemu ya kufowadi na sehemu ya filta, kama kuna anwani humo ambayo hamuijui utaiona. Angalia na orodha ya vifaa vilivyoingia kwenye hiyo akaunti, imeli nyingi zinaonyesha ni kifaa gani na lini. Halafu mwombe mteja wa Korogwe akufowadie ile imeli yenyewe kama kiambatisho, sio skrinshoti, usome anwani ya mtumaji herufi moja moja bila haraka, wana tabia ya kusajili jina linalofanana na la kampuni ila herufi moja imezidi au imegeuzwa. Na mwanangu, kuna uwezekano mwingine ambao sijui kama umeufikiria, kwamba aliyeingiliwa sio nyinyi ni mteja mwenyewe, barua zinasomwa kutoka upande wa Korogwe na nyie hamna kosa lolote. Ukishamtuhumu mpwa wa Mzee halafu ikaonekana hivyo, utamwangaliaje?

Na hili la invoisi halisubiri ugomvi wa waifai uishe. Mkubaliane na Mzee muwapigie wateja wenu, mwaambie akaunti yetu ni ile ile, ukipata ujumbe wowote unaosema imebadilika tupigie kwenye namba unayoijua siku zote, usipige ile iliyoandikwa kwenye huo ujumbe. Imeli ya ofisi iwekewe uthibitisho wa hatua mbili, ile ya kuulizwa namba kwenye simu baada ya paswedi. Ile akaunti ya benki iliyoandikwa kwenye invoisi ya uongo ina mwenyewe na benki wanamjua, kwa hiyo ripoti polisi na uwape kila kitu, wao ndo wana uwezo wa kuuliza benki, wewe huna. (Wakihamia kwenye meseji za simu, zile za tuma kwenye namba hii, unajua namba ya kuripoti ni 15040.)

Sasa waifai. Kusema imeli ndo mshukiwa wa kwanza haina maana waifai yenu iko salama, hapana, iko uchi. Ila tujue uchi wake uko wapi, maana wengi wanadhani mtu akiwa kwenye waifai yako basi anasoma kila kitu mpaka paswedi ya benki. Kurasa za benki na za imeli zinafungwa zenyewe kati ya kompyuta yako na huko zinakokwenda, kinyozi aliyekaa chini hawezi kuzisoma kirahisi hivyo. Anachoweza ni kugusa vitu vilivyomo ndani ya mtandao wenu, folda isiyo na paswedi, printa, na ruta yenyewe ambayo bado ni admin na admin. Huyo akitaka anabadilisha setingi ya ruta ili ukiandika anwani ya tovuti fulani upelekwe kwenye tovuti ya bandia, na unaweza usijue. Halafu kwenye WPA2, yaani mfumo wa kulinda waifai ambao ruta nyingi za huku bado zinautumia, mtu mwenye paswedi ile ile ya wote akinasa ule muda simu yako inaungana anaweza kuyafungua mawasiliano yako ambayo hayajafungwa na tovuti. WPA3 iliyotangazwa 2018 imeziba hilo, kama ruta yenu inayo ni jambo la kubonyeza tu kwenye setingi, ila simu na printa za zamani zinaweza kugoma kuungana, kwa hiyo jaribuni siku isiyo na kazi nyingi.

Watu wakubwa yamewakuta haya haya. Marekani kuna kampuni ya maduka inaitwa TJX, mwaka 2005 wezi waliingia kupitia waifai ya duka lao moja, ilikuwa inalindwa na mfumo wa zamani wa WEP ambao wataalamu walishasema tangu 2001 kwamba umevunjika. Kampuni imekuja kugundua mwishoni mwa 2006, na kadi za benki zaidi ya milioni 45 zilikuwa zimeshachukuliwa. Nyie sio TJX na hakuna anayewawinda hivyo, nimekutajia kwa sababu ya ule muda, mtu alikaa ndani zaidi ya mwaka na kazi zilikuwa zinaenda kama kawaida.

Jambo moja naona lipo mikononi mwako bila kumgombanisha mtu, ile folda. Kompyuta ya uhasibu ni yako kikazi, kuweka paswedi kwenye folda na kumpa Mzee hiyo paswedi ni sehemu ya kazi uliyoajiriwa. Na hapo una hoja nzito kuliko mwendo wa mtandao, kwamba zile kopi za NIDA sio mali ya kampuni, ni taarifa za watu. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, imeanza kutumika Mei 2023, na Tume yake ipo, inamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde, haiangalii kama ofisi ni ya watu sita au mia sita. Sikuambii umtishie nayo Mzee, nakwambia ujue ipo.

Nije kwa Mzee na kisima chake. Hapa nakiri nilimpenda huyu mzee kabla sijamaliza kusoma. Umeichukulia kama ni ama kufunga ama kuacha wazi, na ye ameichukulia hivyo hivyo, ndo maana mkifika hapo mnagota. Ila ruta nyingi za siku hizi, hata za bei ya kawaida, zina kitu kinaitwa mtandao wa wageni. Ruta ni hiyo hiyo, faiba ni hiyo hiyo, ila majina mawili, moja la ofisi na moja la wageni, paswedi mbili tofauti, na wa wageni wanapata intaneti tu, hawaioni printa wala kompyuta zenu. Nyingine unaweza kuwapunguzia kasi, nyingine unaweza kuweka na saa, mfano wageni wafunguliwe kuanzia saa kumi na moja jioni nyie mkiwa mnafunga mahesabu, ambayo ndo saa ya watoto wa ngazini. Mtoto wa mama ntilie anaendelea na mitihani yake, gari lako getini halikwami mchana, na Mzee hajamnyima mtu.

Lakini usilimeze zima hilo maana lina miiba. Kuna ruta zinaandika guest kwenye skrini ila hazitenganishi kitu, kwa hiyo mkishaweka rudia jaribio lako la ngazini, unga simu kwenye ule wa wageni ujaribu kufungua folda na printa, zikifunguka ujue mmepaka rangi tu. Na pili, hata wageni wakitengwa, kwa mtoa huduma mteja ni Mzee. Mtu akitumia mtandao huo kutapeli au kutukana watu, wanaofuatilia wataanzia kwa mwenye jina kwenye mkataba. Hili Mzee anastahili kulijua ndo aamue mwenyewe ukarimu wake uishie wapi, labda wale watoto na wateja tu, labda kijiwe kizima, ni mtandao wake na ni thawabu yake.

Mkifika kwenye paswedi mpya watu watakwambia ficheni jina la waifai, au sajilini kila simu kwa namba yake ya kifaa. Hayo yanakuongezea kazi wewe, mwizi anayejua kazi yake jina lililofichwa analiona na namba ya kifaa anaikopi. Kinachosaidia ni urefu. Inaruhusiwa kuanzia herufi 8 mpaka 63, na jina la kampuni na mwaka mtu anaweza kulikisia akiwa nyumbani kwake na kompyuta inayojaribu maelfu kwa maelfu, akishanasa tu muungano mmoja. Chukueni maneno manne matano yasiyohusiana, changanyeni Kibondei na Kidigo na Kisambaa, ofisi ya Tanga haiwezi kukosa watu wa makabila hayo, ila msiweke waja leo waondoka leo, hiyo kila mtu ataanza nayo. Kile kitufe cha WPS, cha kuunga kifaa bila kuandika paswedi, kizimwe kwenye setingi, ile PIN yake ya tarakimu nane ina udhaifu uliojulikana tangu 2011, ruta inaikagua nusu nusu kwa hiyo wa kujaribu hahitaji mamilioni, kama elfu kumi na moja tu zinamtosha. Na ile karatasi ya lamineshi, ikibaki ibaki na paswedi ya wageni.

Haya, njia yako ya kwanza, ya kubaki jioni peke yako. Naielewa tamaa yake, dakika kumi na umemaliza. Ila fikiria asubuhi yake. Printa haiungi, simu ya Mzee haiungi, kama mna kamera nayo imezima, atampigia nani? Atampigia mpwa wake. Na mpwa atakuja na kijiti cha meno atabonyeza kile kitundu cha nyuma ya ruta, inarudi kama ilivyotoka dukani, admin na admin, na wewe umeshakuwa yule aliyeingia kwenye mitambo usiku. Halafu kuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kuingia kwenye mfumo wa watu bila ruhusa ni kosa, na mlango kuwa wazi sio ruhusa. Unaweza kusema mimi ni mwajiriwa na nilikuwa nalinda mali ya kampuni, na pengine ungeeleweka, lakini kwa nini ujiweke mahali pa kujieleza wakati wewe ndo mwenye hoja?

Ya pili, ya kumwambia Mzee habari ya mpwa. Hapo naomba utenganishe unachokijua na unachokihisi. Unachokijua ni kwamba kinyozi amekwambia anatoa buku kwa wiki. La invoisi unahisi. Ukiyapeleka yote kwa pamoja, kijana atalikana la invoisi kwa kiapo, na kama ni la uongo basi na la buku litazama humo humo na wewe utaitwa mchonganishi wa ndugu. Tena una uhakika Mzee hajui? Wazee wetu wanajua mengi wananyamaza, labda anajua kijana anapata hela ya vocha pale akaona bora hivyo kuliko akae anaomba. Na kama hajui, kuna swali la mkataba, watoa huduma wengi hawaruhusu uuze tena intaneti uliyonunua kwao, na mwenye mkataba ni Mzee sio mpwa.

Kuna mlango mwingine, sijui utauonaje. Huyo kijana ndiye aliyefunga mitambo na ndo heshima yake pale ofisini. Je akiombwa yeye, na Mzee, mbele yako, aweke huo mtandao wa wageni? Biashara yake ya buku itakufa taratibu bila mtu kuitaja, na ye atakuwa ametengeneza badala ya kushtakiwa. Hatari yake ni kwamba atabaki na funguo, kwa hiyo paswedi ya kuingilia kwenye ruta aiandike Mzee kwa mkono wake, ikae kwenye bahasha kwenye droo ya Mzee. Na kama kweli ni mwizi wa invoisi basi umempa tena kazi mtu usiyemwamini, ndo maana nasema ile imeli ya Korogwe uisome kwanza.

Kuondoka sitakusemea mengi. Kazi Dar zipo na hazipo, na unaweza kuondoka kwa sababu nzuri kabisa, mshahara, masomo, mume. Ukiondoka kwa sababu ya hili tu, kabidhi kwa maandishi, folda, imeli, orodha ya wateja waliopigiwa, usije ukafuatwa huko na invoisi ya mwakani.

Ukiamua kuongea na Mzee, mi ningeanza na Korogwe nikaiweka waifai pembeni kabisa. Baada ya Alasiri akiwa na kahawa yake, simu zimepungua, mwoneshe zile invoisi mbili, ya kweli na ya uongo, uziweke mezani pamoja, asome mwenyewe mpaka afike kwenye namba ya akaunti. Halafu muulize, Mzee ile hela ingekwenda tungemlipa nani na kwa nini? Mwache ajibu, usimjazie. Mtu aliyekulipia ada bila shaka anataka kukuona ukiijua kazi, na kumuuliza kwa adabu sio kumvunjia heshima, ila anaweza pia akacheka tena akakwambia umezidi woga. Akikataa, mwandikie yale yale kwa imeli fupi yenye adabu uweke na tarehe, sio kwa kumtega, ni kwa sababu kazi yako ni ya hesabu na hesabu zina kumbukumbu. Hilo nalo lina gharama, wapo wazee wakiandikiwa wanaona wameshtakiwa, wewe ndo unamjua wako.

Hiyo imeli ya Korogwe ukishaipata usiifute wala usiifowadi ovyo, ihifadhi kama ilivyo. Ndani yake kuna maelezo yaliyojificha yanayoonyesha ilipitia seva zipi, kwenye imeli nyingi yapo kwenye vile vidoti vitatu pembeni ya barua. Yakikushinda niandikie, ila ufute majina ya wateja kabla hujanitumia.